Ukiumia kazini, karatasi tatu ziseme neno moja

Ndugu wafanyakazi, viongozi wa matawi, na nyote mliofika, asanteni kwa kutupa nafasi hii.

Tutazungumzia dai la fidia tangu dakika unapoumia hadi unapotia saini ya mwisho. Hatutasoma sheria kifungu kwa kifungu. Kila nchi ina yake, na tena mengi yanayowakosesha watu haki hayatoki kwenye vifungu, yanatoka kwenye karatasi. Dai la fidia husimama juu ya karatasi tatu: taarifa ya ajali aliyopewa mwajiri, maandishi ya daktari wa kwanza aliyekuona, na fomu ya madai inayojazwa baadaye. Zikisema neno moja, hata kampuni ya bima yenye mkono wa birika hupata taabu kulikataa dai. Zikipishana, anayetaka kukunyima hana haja ya kukuita mwongo. Anazipanga mezani tu, zinakuumbua zenyewe.

Kwanza tuondoe dhana moja inayowafunga watu midomo. Mtu anaumia, anajiambia, "Hili ni kosa langu mwenyewe, nitadai nini?" Zamani mfanyakazi alilazimika kumshtaki mwajiri na kuthibitisha uzembe wake, akawa anashindwa kwa hoja kwamba aliyemwumiza ni mfanyakazi mwenzake, au kwamba alipoikubali kazi aliikubali na hatari yake. Ujerumani ilipotunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, na Uingereza ikatunga yake ya fidia mwaka 1897, swali la nani mwenye kosa liliwekwa kando. Swali la leo, karibu kila mahali penye mfumo huu, ni hili: je, jeraha limetokana na kazi, nawe ukiwa kazini? Kwa hiyo kuteleza kwa sababu ya haraka zako, au kusahau glovu, kwa kawaida hakufuti haki yako. Kinachoweza kuifuta ni kujiumiza kwa makusudi, ulevi katika sheria nyingi, na udanganyifu. Upande wa pili wa utaratibu huo ni kwamba katika nchi nyingi mwajiri anayechangia mfuko wa fidia au anayekata bima huwezi tena kumshtaki kwa fidia ya kawaida mahakamani. Lakini kinga hiyo ni yake, si ya watu wa nje. Aliyetengeneza mashine mbovu, au dereva wa kampuni nyingine aliyekugonga ukiwa kazini, anaweza kudaiwa kando. Muulize wakili jambo hilo mapema, kwa sababu dai hilo lina muda wake.

Wala usijitoe mwenyewe kwa kuwa u kibarua au huna mkataba wa maandishi. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unasema haki ya mafao ya kuumia kazini isiwekewe sharti la muda uliotumikia wala michango iliyolipwa. Ni kwa magonjwa ya kazini tu panaweza kuwekwa muda fulani wa kukabiliwa na hatari. Na tangu mwaka 1925 Mkataba namba 19 unataka mfanyakazi mgeni atendewe sawa na mwenyeji. Si nchi zote zilizoiridhia, lakini misingi hiyo imeenea. Kazi yako ni kuonyesha kwamba ulikuwa kazini pale. Ushahidi wake ni vitu vya kila siku: jina lako kwenye daftari la mahudhurio au la walinzi getini, ujumbe wa simu unaoonyesha umetumiwa ujira, picha ya zamu iliyobandikwa ukutani, ujumbe wa msimamizi anayekwambia uje saa ngapi. Vihifadhi siku hiyo hiyo, tena nje ya simu ya kazini. Kundi la wafanyakazi kwenye simu linaweza kufutwa usiku mmoja.

Sasa saa za mwanzo.

Matibabu kwanza, hilo halina mjadala. Lakini ukifika kwa daktari, sentensi yako ya kwanza iwe na neno "kazini". Daktari ana foleni. Ukimwambia umeanguka, ataandika umeanguka, basi. Miezi mitatu baadaye mtu wa bima atasoma faili na kuuliza: mbona hospitali haikutajiwa kazi? Mweleze ulikuwa unafanya nini na kilichotokea. Kisha mtajie kila mahali panapouma, hata panapouma kidogo. Hapa ndipo wengi wanapoumia mara ya pili. Mtu amevunjika mkono, maumivu ya mkono yamefunika yote, maumivu ya shingo anayaona kama ya kujinyoosha tu. Wiki ya nne shingo inakuwa tatizo kubwa kuliko mkono, na haimo kwenye karatasi hata moja. Kabla hujatoka, omba kuona kilichoandikwa. Kama wameandika mguu wa kushoto badala ya wa kulia, kisahihishwe pale pale.

Kisha taarifa kwa mwajiri. Kumwambia msimamizi kwa mdomo ni vizuri, lakini msimamizi huhamishwa, husahau, na wakati mwingine husahaulishwa. Andika. Karatasi moja inatosha, nakala mbili: moja wanabaki nayo, nyingine wanakuwekea saini, tarehe na mhuri wa kupokea. Wakikataa kusaini, tuma ujumbe wa simu au barua pepe wenye maneno yale yale, na umtaje uliyemkabidhi karatasi. Kama kuna kitabu cha ajali, hakikisha imeingizwa, na upige picha ukurasa huo.

Tuangalie maandishi yenyewe. Hii ni taarifa tunayokutana nayo mara kwa mara: "Niliumia mgongo nikiwa kazini." Haina uongo, lakini haina kitu. Mgongo wa nani hauumi? Ilinganishe na hii: "Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nilikuwa nashusha gunia la kilo 50 kutoka kwenye lori kuliweka kwenye toroli. Mguu wa kulia uliteleza kwenye mafuta yaliyomwagika sakafuni, nikaangukia ubavu wa kulia gunia likiwa bado begani. Papo hapo nilisikia maumivu ya kiuno yanayoshuka hadi paja la kulia. Aliyekuwa akipokea magunia aliona." Humo mna siku, saa, mzigo na uzito wake, mwendo wa mwili, sababu, sehemu zilizoumia, na shahidi. Daktari akisoma habari ya uzito na kuanguka, anaweza kueleza kitaalamu kwa nini pingili imeumia. Akisoma "niliumia mgongo", hana la kueleza.

Msitie maoni humo. "Mwajiri hajali usalama" ni hasira, hata kama ni kweli. Haimsaidii anayekokotoa fidia. Na pasipokuwa na uhakika, pasijazwe. Hujui mafuta yalitoka wapi? Yaache. Ukisema yalitoka kwenye mashine, ikaonekana yalitoka kwenye gari, umewapa mlango wa kuingilia.

Mara nyingi mwajiri ndiye anayejaza fomu ya kupeleka kwa bima au mfuko wa fidia, kisha anakuletea usaini. Usisaini fomu yenye nafasi tupu, wala iliyojazwa ukiwa umelewa dawa za maumivu. Soma mambo matatu kwa makini: tarehe, maelezo ya tukio, na mshahara. Palipokosewa, andika kando "si sahihi", weka usahihi wako, saini, tarehe. Usiogope kuchafua fomu. Fomu chafu yenye ukweli inafaa kuliko safi yenye kasoro.

Vitu navyo ni mashahidi. Kiatu kilichochanika, kamba iliyokatika, glovu yenye damu: vifunge kwenye mfuko, usivioshe. Piga picha mahali penyewe kabla hapajasafishwa, moja kwa mbali kuonyesha eneo zima na nyingine kwa karibu, pamoja na kibao cha namba ya mashine. Ukiwa umelazwa, mwombe mwenzako akufanyie siku hiyo hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na jeraha nalo ni hivyo hivyo.

Kuhusu muda, jueni kwamba vipindi vinavyohesabiwa ni viwili, si kimoja. Kuna muda wa kumjulisha mwajiri, ambao ni mfupi, na kuna muda wa kuwasilisha dai lenyewe. Watu hutimiza wa kwanza wakadhani wamemaliza. Kwa mfano, sheria ya Kenya ya mafao ya kuumia kazini, ya mwaka 2007, inatoa miezi 12 tangu siku ya ajali kuwasilisha dai, na siku 60 za kupinga uamuzi usiouridhia. Kwenu inaweza kuwa tofauti kabisa; ulizeni katika ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi wiki hiyo ya kwanza, na jibu mliandike. "Mwajiri aliniambia tusubiri kwanza" ni sababu tunayoisikia sana, na haizuii muda kupita.

Magonjwa ya kazini yana hesabu nyingine, kwa sababu hayana siku ya ajali. Magonjwa ya vumbi la asbesto yanaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Kelele huanza kuharibu usikivu wa sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), na mtu hajijui mpaka anaanza kukosa maneno watu wakizungumza wengi. Sheria nyingi huanza kuhesabu tangu daktari alipokwambia una ugonjwa na kwamba unahusiana na kazi, kwa hiyo tarehe ya karatasi ile ni muhimu sana. Andaa historia yako ya kazi: kila mwajiri, miaka, kazi uliyoifanya kwa mikono yako, vumbi au kemikali gani, saa ngapi kwa siku, na vifaa vya kujikinga ulivyopewa. Kuandika "fundi" hakutoshi. Kuandika kwamba ulikata mawe kwa msumeno mkavu, bila maji, saa sita kwa siku, kwa miaka tisa, kunamwonyesha daktari wa mapafu pa kuanzia. Na ukienda kupimwa masikio, nenda ukiwa umekaa mbali na kelele angalau saa 14, la sivyo watasema ni uchovu wa sikio wa muda tu.

Tukija kwenye fedha, tumieni kalamu. Malipo ya wakati umelazwa au umepumzishwa huhesabiwa kwa asilimia ya mapato. Mkataba namba 121 unaweka kiwango cha chini cha asilimia 60 kwa mfanyakazi wa mfano mwenye mke na watoto wawili. Nchi nyingine hutoa zaidi, nyingine chini ya hapo. Asilimia hiyo watu huifahamu. Wasichokiangalia ni asilimia ya nini. Tuseme mapato yako ya kawaida ni 100: mshahara wa msingi 70, saa za ziada 20, posho 10. Asilimia 60 ya yote ni 60. Mwajiri akijaza mshahara wa msingi pekee, unapata 42. Umepoteza karibu theluthi moja ya malipo bila mtu yeyote kukukatalia chochote. Na kosa hilo haliishii hapo, kwani namba ile ile ndiyo itakayotumika kukokotoa ulemavu wa kudumu, na hata pensheni ya wategemezi. Peleka hati zako za mshahara za miezi 12, si ya mwezi mmoja. Kama katikati kulikuwa na mwezi wa likizo bila malipo, uonyeshe, maana huuvuta wastani chini. Si kila posho huingia: iliyokuwa ya kurudisha gharama, kama nauli ya safari ya kikazi, mara nyingi haihesabiwi. Lakini ovataimu ya kila wiki si bahati nasibu, ni mapato yako, na mahali pengi huhesabiwa ikiwa ya kudumu.

Pia kuna siku za mwanzo zisizolipwa, mara nyingi tatu. Kabla ya kulalamika kwamba wamekukata, angalieni kama sheria yenu inazo.

Kazi nyepesi ni eneo lenye mitego mingi kuliko watu wanavyodhani. Mwajiri anakuita urudi, anasema amekutafutia kazi nyepesi. Ukikataa moja kwa moja, malipo yanaweza kusimamishwa kwa hoja kwamba umekataa kazi unayoiweza. Ukikubali bila kuuliza, siku ya tatu unajikuta unabeba yale yale. Njia ya katikati ni karatasi. Mwombe mwajiri aandike kazi hiyo ni nini: uzito wa kunyanyua, muda wa kusimama, ngazi, saa. Ipeleke kwa daktari aiidhinishe au aikatae. Daktari naye asiandike "apewe kazi nyepesi", maana wepesi wa msimamizi si wepesi wa mgonjwa. Aandike "asinyanyue zaidi ya kilo 5, asisimame zaidi ya dakika 30 mfululizo, asipande ngazi, kwa wiki sita". Karatasi hiyo itembee nawe mfukoni. Ukiagizwa kuvuka mipaka hiyo, ionyeshe, na jioni uandike nani aliagiza nini. Usivuke kwa kujionyesha mkakamavu. Ukiumia tena hapo, itakuwa vita ya kujua ni jeraha la kwanza au la pili.

Daktari anayeteuliwa na bima hakutibu, anakupima ili atoe maoni. Mnaweza kuheshimiana vizuri tu, lakini utakayomwambia yataandikwa. Fika na orodha ya dawa, vipimo na tarehe za upasuaji. Andika saa uliyoingia na uliyotoka. Uchunguzi wa dakika saba uliozaa ripoti ya kurasa tisa ni jambo la kuhojiwa. Usitie chumvi. Wana vipimo vya kukamata chumvi: atakulaza na kukuinua mguu, kisha baadaye umekaa kitandani atakunyoosha mguu ule ule kana kwamba anaangalia goti. Kama kwanza ulipiga kelele na sasa huna habari, ameshaandika. Usijikaze pia. Wazee wetu kazini wana tabia ya kusema "nafuu, namshukuru Mungu", na ripoti inatoka kwamba mgonjwa amekiri kupona. Sema unachoweza, kwa muda gani, na nini hutokea baadaye: "naweza kukaa nusu saa, kisha lazima nisimame". Jeraha la zamani usilifiche. Kwingi kazi ikizidisha tatizo lililokuwepo, bado kuna haki. Kulificha, likaja kuonekana kwenye faili la zamani, huharibu hata yale yaliyo kweli.

Ulemavu wa kudumu hupimwa hali ikishatulia, yaani matibabu hayatarajiwi tena kuleta badiliko kubwa. Kupimwa kabla ya hapo ni hatari: kidole kinachoweza kujikunja leo kinaweza kukakamaa kovu likikomaa. Kiungo hupimwa kwa nyuzi, yaani ukubwa wa pembe kinayoweza kukunjika. Goti lenye afya hukunjika hadi nyuzi 135 hivi. Ripoti inayosema "goti lina upungufu kidogo" bila namba irudishwe ijazwe. Na kiungo kizima cha upande wa pili kipimwe pia kwa kulinganisha, kwani hatukuumbwa sawa.

Dai likikataliwa, usianze kupiga simu kwa hasira. Omba barua, tafuta sababu iliyotajwa, na ujibu hiyo hiyo tu. Wamesema umechelewa? Toa nakala yenye mhuri. Wamesema si ajali ya kazini? Toa taarifa, shahidi na maandishi ya daktari. Wamesema jeraha ni la zamani? Hapo unahitaji ripoti ya daktari inayoeleza kilichobadilika baada ya ajali. Kuwapelekea rundo la karatasi ishirini zisizojibu sababu yao ni kujichosha na kuwachosha. Na hesabu siku za rufaa tangu tarehe ambayo sheria yenu inaitaja: kwingine ni ya barua, kwingine ni ya kuipokea, kwa hiyo bahasha usiitupe.

Ukimchukua wakili, malipo yake yaandikwe: asilimia ngapi, ya kiasi gani, na gharama za daktari anayetoa ushahidi nani analipa ukishindwa. Penye kikomo cha kisheria cha ada, mwombe akuonyeshe.

Mfanyakazi akifariki, familia isiharakishe kuzika kabla ya kuuliza kama uchunguzi wa maiti unahitajika, hasa palipo na shaka kama ni kazi au maradhi. Najua hili ni gumu kulitamka msibani. Mmoja wenu, kiongozi wa tawi, ndiye wa kulitamka kwa upole. Baadaye vitatakiwa vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa watoto, na uthibitisho kwa mzazi aliyekuwa akitunzwa.

Mwisho ni saini. Kuna malipo ya "tumalizane", mwajiri anakupa bahasha na karatasi fupi. Kuna pia makubaliano rasmi ya bima. Yote mawili yasomeni sentensi kwa sentensi, na mtafute maneno kama "madai yote ya sasa na yajayo". Hayo yakiwemo, matibabu ya baadaye yanaweza kuwa juu yako. Mguu wa bandia huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Nyonga ya bandia huenda ikadumu miaka 15 au 20, na mtu wa miaka 35 atahitaji nyingine. Vyuma ndani ya mfupa huenda vikatolewa. Mwulize daktari aorodheshe kwa maandishi matibabu yatakayohitajika, halafu ndipo mjadili kiasi. Angalia pia kama wamekata mkopo wa kazini au malipo ya hospitali humo humo, na kama makubaliano yanahitaji kuidhinishwa na ofisi ya kazi au mahakama ili yawe halali. Ukiambiwa ofa inaisha saa kumi jioni leo, jibu lako liwe kwamba utaipeleka kwa chama au wakili kwanza, ndipo urudi.

Tuna muda wa maswali. Wenye fomu mkononi, ambazo bado hamjasaini, njooni mbele muanze.